Kuvundika na Kukausha

Siku ya kwanza nilipofika kwenye lile ghala nilisimama mlangoni nikashindwa kuvuka kizingiti. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaona kitu. Nilikuwa nimeshavaa koti jeupe, glavu, kofia ya nywele na barakoa juu yake, na bado harufu ilipenya. Ilikuwa bangi. Mbichi, nyingi, iliyokatwa asubuhi ileile.

Kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha ofisi katikati ya jiji la Sydney. Korona ilipoingia, wenye ofisi walibeba kompyuta zao wakaenda kufanyia kazi majumbani, na sisi tuliokuwa tukiwafutia meza tukaambiwa tusubiri kuitwa. Simu haikupigwa. Nilikaa miezi nyumbani kwetu Auburn, magharibi ya jiji, nikipika chakula kingi kuliko tulivyoweza kula. Jirani yangu mmoja, mama wa Kirundi aliyekuwa akihudumia wazee, ndiye aliyenieleza kuwa kuna wakala anatafuta watu wa kukausha na kupakia dawa. Alisema ni dawa ya mitishamba. Sijui kama alijua ni mti gani. Sikumuuliza.

Nilivuka kizingiti kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu anasubiri kupita.

Ndani mlikuwa na chumba cha baridi kisicho na dirisha. Matawi yalitundikwa kwenye nyaya, vichwa chini, mstari baada ya mstari, kama nguo kwenye kamba. Feni ndogo zilizunguka polepole pembeni zisiyapulize moja kwa moja, na ukutani palikuwa na mashine ya kupima unyevu wa hewa. Kazi yetu ilikuwa kuyatundika, kuyageuza, kuyaangalia, na yakishakauka vya kutosha hata kijiti kikavunjika kwa mlio, kukaa mezani na mikasi kupunguza majani yaliyozidi. Kisha maua yaliwekwa kwenye vyombo vilivyofungwa, na kila siku mtu alivifungua kidogo vipumue. Haraka ilikuwa mwiko. Msimamizi wetu, mwanamke wa Kizungu wa umri wa miaka thelathini hivi, msomi wa kilimo na mpole, alituambia kuwa shabaha ni kulinda ukijani. Ukijani ukibaki na harufu ikibaki, dawa imebaki.

Nikamsikiliza nikimfikiria kaka yangu. Yeye alikuwa akiua ukijani kwa makusudi.

Kwetu ni upande wa Ziwa Nyasa, kwenye migomba na mvua nyingi. Baba alikufa tukiwa wadogo, kaka akaacha shule ili mimi nisome. Kila mtu pale alijua karo yangu inatoka wapi, na mimi nilijua. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijito, alikuwa na shamba dogo lililofichwa na mahindi. Hakutundika kitu chumbani. Kwa mvua zile chochote ulichokitundika kingeota ukungu kabla hakijakauka. Aliyaanika maua juani kidogo tu, yakingali na maji, akayakandamiza na kuyafunga kwenye majani ya mgomba, akakaza kwa kamba za mgomba huohuo mpaka yakawa magumu kama gunzi la muhindi. Tuliyaita magunzi. Kisha aliyafukia chini ya samadi ya ng'ombe, palipo na joto, akayaacha yavundike, kama watu wanavyovundika ndizi. Alipoyafukua yalikuwa ya kahawia, yananata, na harufu yake haikuwa tena ya majani. Ilikuwa ya tumbaku na matunda yaliyoanza kuchacha. Wazee wengine walitafuna kipande wakaenda kulima mpaka jua linazama.

Nilikuwa kidato cha pili polisi walipokuja. Walijua mahali pa kuchimba, maana yake mtu aliwaambia. Walimfukulisha mwenyewe kwa mikono, wakamtwisha magunzi kichwani, wakampitisha sokoni siku ya gulio hadi kituoni. Nilikuwa sokoni siku hiyo nikinunua chumvi. Alinipita karibu kiasi cha kunigusa, na hakugeuza shingo, ili watu wasikumbuke kuwa mimi ni ndugu yake. Alihukumiwa miaka mingi. Alipotoka alikuwa na kifua kibovu na mgongo uliopinda, na mimi nilikuwa nimeolewa Tanga.

Haya sikumweleza mtu pale ghalani. Mume wangu alikuwa akiyajua, kwa sehemu.

Mume wangu ni mtu wa dini, na nilimwambia ukweli wa kazi wiki ileile ya kwanza, kwa sababu harufu ingesema kama mimi nisingesema. Aliuliza kama ni kwa wagonjwa. Nikamwambia ndiyo, kwa cheti cha daktari. Akasema dawa ni dawa, lakini nguo zile zisiingie ndani. Basi nikawa nabadilisha nguo kwenye chumba cha kufulia nyuma ya jengo, na baridi ya Julai, kabla sijaingia kwangu. Binti yetu, ambaye anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliona jambo hilo ni la kuchekesha sana. Alinisimulia jinsi mwalimu wake alivyomwambia kuwa mama yake ni mtu wa kisasa.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, tumekaa uani kila mtu kwenye kiti chake mbali na mwenzake, msimamizi aliniuliza kama nilikuwa nimewahi kuuona mmea ule kabla ya kuja pale. Ningeweza kusema hapana. Nikasema kwetu hautundikwi, unafukiwa. Aliacha kula. Alitaka kujua unafukiwaje, kwa nini, unatoka ukoje. Alisema amesoma kidogo juu ya hilo, na kwamba kampuni ilikuwa ikitafuta namna ya kufanya moshi au mvuke wake usikwaruze koo. Akaniomba, kwa adabu, kama nina mtu wa kumuuliza zaidi.

Nilimpigia kaka Jumapili. Nilidhani atakata simu. Kwa miaka yote tangu atoke jela tulikuwa tumezungumza mvua, ng'ombe, watoto, na misiba, kamwe si hilo. Nilipomaliza kueleza nilisikia kuku wa uani kwake. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza tena. Alinieleza ua la kuchukua na la kuacha, siku ya kuanika, unavyokandamiza bila kuponda, harufu inayokuambia kuwa tayari na harufu inayokuambia kuwa umechelewa. Wiki nzima iliyofuata alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, na kila ujumbe ulikatwa katikati na kikohozi. Wifi yangu, mkewe, aliniambia hajamwona akiamka na furaha namna ile. Alikuwa akiwaambia watoto wake kuwa Australia wanamtafuta.

Nilimwekea msimamizi sauti hizo azisikie, nikamtafsiria yote. Yeye na wenzake wakaruhusiwa kufanya jaribio dogo. Hawakufukia kwenye samadi, bila shaka. Walitumia kabati la joto lenye kipimo, na majani ya mgomba waliyanunua kwenye duka la Waasia pale Auburn, yakiwa yamegandishwa. Niliyafunga mimi. Mikono yangu ilijua kukaza ingawa haikuwahi kukaza, kwa sababu ilikaa utoto wote ikimtazama kaka. Yalipofunguliwa yalikuwa ya kahawia kweli, yananata kweli. Harufu ilinirudisha nyumbani mpaka nikalazimika kutoka nje nikavua barakoa.

Majibu ya maabara yalikuja na kuvu. Si kwa gunzi moja, kwa karibu yote. Msimamizi aliniita akanieleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya ugonjwa, kwamba wagonjwa wengi wa dawa ile wana mapafu dhaifu au wanatibiwa saratani, na kuvu ile ingeweza kuwaua. Alikuwa sahihi. Sikuona la kubishana. Ukikausha polepole kwenye hewa kavu, kuvu haina pa kuishi. Ukivundika unaialika, na hujui nani atakuja nayo. Magunzi yale yalisagwa na kuharibiwa mbele ya mashahidi wawili kama sheria inavyotaka.

Nilimpigia kaka jioni ileile, kwake ikiwa mchana. Nilijaribu kulisema kwa namna nyepesi.

"Kwa hiyo hata huko ni kosa," alisema.

Nikamwambia hapana kaka, si kosa, ni kwamba haikufaa. Nikamweleza kuvu na wagonjwa wa kifua.

"Hilo ni kweli," akasema. "Hata zetu zilikuwa zinaoza. Tulikuwa tunavuta hivyohivyo." Akakohoa kwa muda. Kisha akauliza, "Aliyeziozesha huko kafanywa nini?"

Nikamwambia hakuna aliyefanywa kitu. Ilikuwa jaribio.

Hakutuma tena ujumbe wa asubuhi.

Mwaka uliofuata, majira ya baridi, mji ulifungwa upya, na safari hii ulifungwa kwa mafungu. Watu wa mashariki, wa karibu na bahari, walitakiwa kukaa nyumbani, lakini tuliwaona kwenye runinga wakitembeza mbwa mchangani. Sisi wa magharibi tuliwekewa mipaka. Helikopta ilizunguka juu ya Auburn jioni, usiku hakuruhusiwa mtu kutoka, na polisi walipita mitaani na wanajeshi. Misikiti ilifungwa, maduka ya nyama yakauzia mlangoni. Kutoka nje ya eneo lako ulihitaji kibali. Mimi nilikuwa nacho. Wanaotengeneza dawa walihesabiwa kuwa watu wa lazima.

Alasiri moja nilikuwa nikirudi kutoka kazini. Nimeshuka treni, naelekea nyumbani kwa miguu, na siku hiyo tulikuwa tumepunguza majani tangu asubuhi. Nilinuka kuanzia viatu hadi mtandio. Polisi kijana akanisimamisha karibu na duka la mikate, mwanajeshi amesimama nyuma yake. Aliuliza natoka wapi. Nikafungua simu nimwonyeshe kibali. Nilikuwa sijafanya kosa lolote, kibali kiko mkononi, na bado mwili wangu wote ulikuwa umerudi sokoni siku ya gulio. Akakisoma kibali kwenye simu yangu. Akavuta pumzi kupitia barakoa yake, nikaona nyusi zinapanda, akamtazama mwenzake, wakacheka wote wawili. Si kicheko cha ubaya. Akanirudishia simu akanitakia jioni njema.

Nilifika nyumbani nikajiona mjinga kwa kuogopa. Nikafikiri nikimsimulia kaka tutacheka. Nikampigia.

Hakucheka. Alitaka nirudie polepole.

"Alisikia harufu?"

"Aliisikia."

"Akakuachia."

"Ndiyo, kaka."

"Akakutakia jioni njema."

"Ndiyo."

Nilingoja aseme kitu. Aliniuliza watoto hawajambo, nikamwambia hawajambo, akasema simu inaisha chaji.

Zilikuwa zimebaki wiki chache tu na sikujua. Alianza kuumwa, akasema ni kifua chake kilekile. Ugonjwa ulikuwa umeenea sana kwetu wakati huo, lakini vijijini watu walikuwa wakiuita kwa majina mengine, na hospitali ya wilaya haikuwa na mitungi ya oksijeni ya kutosha. Kilichomtesa zaidi, wifi aliniambia, ni maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Walikuwa na vidonge vya kawaida vya maumivu, basi. Katika mazungumzo yetu ya mwisho aliniuliza swali ambalo nilikuwa nikiogopa ataliuliza tangu siku nilipoingia ghalani.

"Hao mnaowatengenezea, wakinywa wanapata nafuu?"

Nilimwambia wengine wanasema wanalala.

"Ni vizuri," akasema.

Siku iliyofuata nilikaa mezani kwangu na mkasi nikipunguza majani. Mbele yangu kulikuwa na chombo kilichojaa, na ningeweza kukizungushia mikono yote miwili. Kulikuwa na kamera juu ya kila meza. Hata kama zisingekuwepo, ningekifanya nini? Kaka yangu alikuwa ng'ambo ya dunia, na kijijini kwake kitu kilekile, kikavu au kilichovundikwa, kingemrudisha jela hata akiwa kwenye machela. Nilifanya kazi yangu vizuri siku ile. Msimamizi alipita akanisifia.

Alifariki Ijumaa. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa hata kwa anayetaka kutoka. Ulipaswa kuomba ruhusa, na ruhusa yangu haikupatikana mpaka kaburi likawa limeshaota majani. Mpwa wangu alishika simu ili nione mazishi. Mtandao ulikuwa ukikatika, nikaona jeneza, kisha picha iliyoganda ya viatu vya mtu, kisha udongo. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya jikoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuja kunipa pole. Mama wa Kirundi aliacha sufuria la maharage mlangoni, akagonga, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, akalia kule akiwa amesimama.

Mume wangu alikaa nami. Alisema kaka yangu alikuwa mtu mwema. Ni maneno ya kawaida ya msiba, na aliyasema kwa moyo safi, lakini nilikasirika nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumwalika kaka Tanga, hata kwenye harusi ya mdogo wake yeye, kwa sababu alikuwa mfungwa wa bangi, na sasa bangi ndiyo ilikuwa ikilisha nyumba hii.  Akainuka, akaenda chumba cha kufulia, akarudi na nguo zangu za kazi, akazitundika ndani, nyuma ya mlango wa mbele. Toka siku hiyo hakunitaka nibadilishe nguo nje. Najua alimaanisha nini. Alikuwa amechelewa, na nilimwambia hivyo.

Mji ulipoanza kufunguliwa, kampuni ilitaka kutuchukua baadhi yetu moja kwa moja, bila wakala. Msimamizi alikuwa amenipendekeza. Aliniita ofisini, ofisi yenye kioo, tukakaa na dirisha wazi. Alisema ni maswali ya kawaida ambayo serikali inataka yaulizwe kwa kila mtu anayeshika mmea ule. Mengi yalikuwa rahisi. Halafu akauliza kama nina ndugu wa karibu aliyewahi kutiwa hatiani kwa dawa za kulevya, popote duniani.

Nikasema ninaye. Kaka yangu, yule aliyetufundisha kuvundika.

Aliweka kalamu chini. Nadhani mpaka dakika ile hakuwa amejiuliza yule mtu wa sauti kwenye simu, mwenye kikohozi, alijifunza wapi na ilimgharimu nini. Uso wake ulibadilika rangi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kuwa ameshafariki, na ilikuwa zamani, na ni nchi nyingine, haoni haja ya kumtaja. Alikuwa akinisaidia. Alikuwa akihatarisha kazi yake kidogo kwa ajili yangu, nami nililiona hilo.

Lakini niliona pia kaka akipita sokoni na mzigo kichwani, bila kugeuza shingo.

"Mwandike," nilimwambia. "Alifungwa kwa bangi. Ni kaka yangu."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike.

Jibu lilichukua muda, na lilipokuja lilikuwa fupi na la heshima. Hawakuweza kuendelea nami. Siku ya mwisho nilikunja koti langu jeupe, na msimamizi alisimama upande wa pili wa meza asijue kama inaruhusiwa kukumbatiana tena au bado. Hatukukumbatiana. Alinishukuru kwa mchango wangu. Nilikaribia kumuuliza ni mchango upi, nikaona haitasaidia. Nilirudi mjini, kwenye ofisi zilizokuwa zikianza kujaa watu, nikafuta vumbi lililokuwa limekaa kwenye meza kwa karibu miaka miwili.

Nilimpigia wifi kumweleza kuwa nimeacha ile kazi. Nilimsimulia kila kitu, swali nililoulizwa, alichoniambia yule mwanamke, nilichojibu. Nilidhani atafurahi kwamba mumewe alitajwa. 

"Ungenyamaza tu, wifi," alisema. "Kaka yako angetaka upate kula."

 Nikamuuliza habari za mvua.